Habari Ziwafikie

Bi Effie MacIsaac wa ghorofa ya chini
husoma gazeti kwa rula.
Rula ya mbao, ya inchi, ya shule iliyokwishafungwa,
huiteremsha mstari kwa mstari
kama fundi anayepima dirisha.
Huanzia nyuma, kwenye tanzia.
"Nione kwanza nani katangulia," husema,
"ndipo nijue hizo habari nyingine nitazizungumza na nani."

Mimi juu yake, Mtaa wa Agricola, Halifax,
nauza chai nisiyoinywa.
Kampuni imenipa maneno tisa kwa siku:
tisa, picha ya kikombe, na mvuke.
Yakizidi tisa, kidole cha mtu kinapita.
Nimejifunza kukiandikia kidole gumba,
kiumbe kisicho na macho wala subira.
Siku moja nilitia neno "ukungu",
neno nililolipenda,
mkuu wa kitengo akalifuta.
"Ukungu hauuzi. Andika joto."

Februari, gazeti likaacha kuchapishwa.
Barua moja mlangoni, ya shukrani,
na kiungo cha mtandaoni, kimechapwa kwenye karatasi.
"Gusa hapa."
Bi Effie alikigusa. Akakigusa tena.
Kisha akapanda ngazi kumi na nne na goti lake bovu,
rula mkononi.
"Hija," akaniita (Mwanahija linamshinda),
"nisomee waliokufa."

Tukakaa jikoni, theluji ikipiga kioo.
Angus Boutilier, miaka themanini na moja,
fundi wa maboya ya bandari, aliyependa mbwa na ugomvi.
"Nilicheza naye dansi," akasema. "Alinikanyaga."
Nikasukuma juu.
Pakatokea kikombe. Mvuke.
"Joto lipo. Wewe tu ndiye uliyekosekana. Karibu, keti, unywe."

Bi Effie akavua miwani, akairudisha.
"Huyu naye ni nani? Kafa lini?"

Sikumjibu. Maneno yale tisa nayajua.
Niliyaandika Jumanne, kwa haraka,
nikisubiri nguo zikauke.
Yalipendwa na watu elfu sita.
Hakuna hata mmoja aliyeniambia
alikuwa akimsoma nani yalipomkatiza.

Kwetu, redio ilipofika saa ya vifo,
hata sufuria liliepuliwa lisitoe sauti.
Mama alisimama na mwiko hewani.
"Habari ziwafikie", na majina yakafuata,
shangazi wa Korogwe, mpwa wa Handeni,
"popote pale walipo."
Msomaji hakuuza kitu
mpaka wa mwisho awe amepumzika.
(Siyo kweli kabisa. Baada ya vifo lilikuja tangazo la sabuni.
Lakini lilingoja nje, zamu yake,
kama mgeni aliyekwishavua viatu.)

Sasa simu imejifunza. Imeona tulivyokawia
juu ya Angus, ikadhani ni mapenzi.
Kila asubuhi huniletea mashada kwa bei ya punguzo,
kadi za pole, jeneza la mianzi linalooza kwa adabu,
na wafu wa miji nisiyoijua, Regina, Tulsa,
wote wakitabasamu ndani ya miraba,
na katikati yao waziri aliyejiuzulu,
habari ya mwaka juzi, ikihema kama ya leo.

Bi Effie hupanda kila Alhamisi.
Ameanza kuiweka rula juu ya skrini.
Mstari unamkimbia, anaushika, unakimbia.
"Mbona hakitulii hiki kitu?"
Namshikia simu kwa mikono miwili,
kama unavyomshikia kioo mtu anayenyoa ndevu.

Juzi aliniomba nimwandikie ya kwake, mapema,
"maana hiyo ndiyo kazi yako."
Nikauliza, maneno mangapi?
Akanitazama kana kwamba nimemtukana.
"Mengi," akasema.
"Weka ukungu wa siku niliyoolewa,
hatukuiona hata bandari.
Na goti. Usilisahau goti."